Mvi za Bi Pindo

Katika wapaka rangi wote wa mji ule hakukuwa na mwenye majivuno kama Fundi Macho, na kilichowaudhi wenzake ni kwamba majivuno yenyewe yalikuwa na msingi. Wenzake walikwenda dukani na kipande cha ukuta ndani ya bahasha ili wapimiwe rangi. Yeye alisimama mlangoni, mikono nyuma, akautazama ukuta kama mtu anayetafuta jina la rafiki wa zamani, kisha akarudi nyumbani akakoroga. Kiraka chake kikikauka, ungekitafuta mpaka macho yakuume usikione. "Kiraka kizuri," alikuwa akisema, "ni kile ambacho hakuna anayekiuliza." Na kwa kuwa sifa ya kimya haishibishi, hapo hapo alimwita mwenye nyumba arudi, akamwonyesha kwa kidole pale kilipokuwa.

Mkewe naye hakuwa nyuma kwa kujisifu. Watu walimwita Bi Pindo kwa sababu pindo alilolishona yeye halikuwahi kufumuka. Sketi ya shule ingepauka, ingechanika, ingefanywa tambara la kudekia, na pindo bado lingekuwa limekaa kama lilivyoachwa. Chumba chake cha kushonea kilikuwa kando ya barabara, kati ya mchonga funguo na mtengeneza simu. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu kilichofika karibu na dari. Penseli yake ya chaki ilikaa juu ya sikio la kushoto tangu anafungua mpaka anafunga, na mkono ulipanda kuichukua na kuirudisha bila yeye kuuambia.

Walikutana kwa ugomvi. Fundi Macho, kijana wakati huo, alikuwa juu ya ngazi anapaka ukuta wa duka, na tone la rangi likamdondokea msichana aliyekuwa anapita. Msichana alisimama, akamtukana kwa ufasaha, akaondoka. Yeye alibaki juu akitazama jua linavyoziingia zile nywele, nyeusi yenye hudhurungi iliyolala chini yake, na siku hiyo alijua kwamba rangi ile hataweza kuikoroga. Alihadithia kisa hicho kwenye kila sherehe, mpaka watoto wao, ambao sasa ni watu wazima na wana nyumba zao, wakawa wanakimaliza kabla yake.

Saratani ya titi ilipoingia nyumbani mle, Bi Pindo alimuuliza daktari swali moja tu, kama ataruhusiwa kukanyaga cherehani. Muuguzi aliwaambia mapema kwamba dawa zile zinaangusha nywele, na kwamba dawa zikiisha, nywele hurudi. Bi Pindo akasema nywele si mguu, mtu hatembelei nywele. Alisema hivyo akiwa bado anazo. Zilipoanza kubaki kwenye mto, kwenye chanuo na kwenye beseni la kuogea, hakusema tena.

Asubuhi moja alibeba kigoda akakaa uani, akamwomba mumewe amalizie zilizobaki. Alimpa mkasi, kisha akamnyang'anya, kwa sababu ule ulikuwa mkasi wa kitambaa na haujapata kukata kitu kingine tangu ununuliwe. Akamletea mwingine. Fundi Macho alikata polepole, kishungi kwa kishungi. Mkewe alimwambia azitupe zote, hata zile zilizokuwa zimekusanywa kwenye mfuko kutoka chumbani. Akazichukua, akaenda nazo nyuma ya nyumba. Aliporudi, Bi Pindo alikuwa amekwisha kuingia ndani na kuagiza lango la uani lifungwe. Tangu siku ile lango likawa halifunguliwi kwa ajili yake ila kwa kwenda hospitali.

Chumba cha kushonea kilibaki kwa mwenzake, mwanamke mnene mcheshi aliyeitwa Mama Vifungo, aliyekuja jioni jioni kuleta habari za kazini. Daktari alipomruhusu Bi Pindo kurudi kazini kwa saa chache, Mama Vifungo ndiye aliyefurahi kuliko wote. Wateja walikuwa wameanza kuulizia mafundi wengine, na yeye mwenyewe alikiri kwamba sketi zake zinakaa upande. Bi Pindo akakataa. Walimbembeleza, akakataa tena, na sababu yake aliitoa mara moja tu.

"Mteja nikimsimamisha mbele ya kioo, mimi nasimama nyuma yake. Anajitazama yeye, na mimi ananiona. Siendi kuonewa huruma kwenye kioo changu mwenyewe."

Alijaribu kufunga kitambaa kichwani, akasema kinamfanya aonekane mtu mwenye kipandauso. Alijaribu kofia, akasema anafanana na kaka yake. Siku zilipita, na kila ilipopita Fundi Macho aliona mkewe anapungua, na si mwili tu. Alizoea mke anayempigia kelele kuhusu matone ya rangi kwenye viatu. Huyu aliyekaa kimya dirishani pazia likiwa limefungwa alimtisha kuliko neno saratani lenyewe. Kwa hiyo Bi Pindo aliposema, siku moja, kwamba labda wigi, mumewe alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Hakutaka kwenda mwenyewe. Alichukua futi yake ya kamba, akajipima kichwa kutoka paji la uso, nyuma ya masikio, mpaka kisogoni, akakata uzi wa urefu ule ule na kuufunga fundo. Akamkabidhi mumewe ule uzi.

"Chagua wewe," akamwambia. "Kichwa changu mimi sikioni. Wewe ndiye unayenitazama kila siku."

Fundi Macho aliibeba kauli hiyo barabara nzima kama mtu aliyepandishwa cheo.

Mwenye duka la mawigi alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani, na alikuwa amewahudumia wagonjwa wengi kuliko maharusi. Alimweleza kwamba kichwa kisicho na nywele hakiwezi kuvaa wigi lolote tu. Yale yenye vichanuo vya kubana ndani hayafai, maana hakuna nywele za kubanwa, na ngozi wakati huo ni laini kama ya mtoto. Anahitaji lenye kofia laini ndani, lenye wavu mwembamba mbele na mikanda miwili midogo kisogoni ya kukazia. Fundi Macho aliyasikiliza hayo yote kwa adabu. Uzi ukapimwa, kipimo kikapatikana. Kisha mwenye duka akaomba picha ya mama.

"Picha ya nini?" akasema Fundi Macho. "Picha ni mimi hapa."

Akaonyeshwa nyeusi tupu, akaikataa. Akaonyeshwa yenye wekundu, akacheka. Mwenye duka akamshauri wasogee mlangoni, kwa kuwa taa za dukani zinadanganya. Fundi Macho akamjibu kwamba yeye amekula rangi maisha yake yote, na taa haziwezi kumdanganya mtu kama yeye. Akazunguka rafu zote, mikono nyuma, mpaka akasimama mbele ya kichwa kimoja. Nyeusi yenye hudhurungi iliyolala chini yake. Nusura apige kelele mle dukani. Mwenye duka aliuliza umri wa mama, akaambiwa, akafungua mdomo kusema neno, akaufunga. Akasema kama baba ameridhika, basi yeye ni nani. Fundi Macho akarudi nyumbani na wigi mfukoni na kichwa cha sponji cha kulihifadhia kwapani, akisalimia hata watu asiowajua.

Bi Pindo alikuwa amevaa gauni zuri na kukaa mbele ya kioo cha mezani. Wigi alilivaa mwenyewe, akavuta mbele, akakaza mikanda, akaingiza vidole kuzunguka ukingo kama anavyoingiza kwenye kiuno cha sketi ya mteja. Lilimkaa sawasawa. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia.

"Huyu mwanamke ni mzuri," akasema.

Fundi Macho akavimba.

"Lakini simjui. Mvi zangu ziko wapi?"

"Mvi gani?" akauliza mumewe.

Maneno mawili tu, na aliyatoa kwa moyo mweupe kabisa. Hakuwa anamtania wala kumbembeleza. Alikuwa hajui. Bi Pindo alimtazama kupitia kioo kwa muda, na Fundi Macho, akidhani anatakiwa kujitetea, akamweleza kwamba rangi ile ndiyo yenyewe, ile ile ya siku ya tone la rangi, hata kidogo haikupotea.

"Ndiyo yenyewe," Bi Pindo akakubali. "Nilikuwa nayo kabla sijazaa. Sasa miaka yote hii, baba watoto, ulikuwa unamtazama nani?"

Alilivua wigi taratibu, akalivisha kichwa cha sponji, akalichana kidogo kwa vidole kwa kuwa si mtu wa kuacha kitu ovyo, kisha akaenda kulala akaugeukia ukuta. Ukuta huo Fundi Macho alikuwa ameupaka mwenyewe.

Mama Vifungo alipofika jioni alilikuta wigi linang'aa mezani na shemeji yake ameinama. Alipohadithiwa, alicheka mpaka akashika meza, kisha akaacha kucheka.

"Akili ni nywele, shemeji, kila mtu ana zake," akasema. "Zako leo umeziacha wapi?"

Akamsimulia mambo ambayo kila mtu aliyewahi kuingia chumba cha kushonea aliyajua. Kwamba Bi Pindo hakupaka nywele zake rangi hata mara moja, wala haikuwa kwa uvivu. Wateja walipomtania na kumshauri azifunike mvi zile, alichukua penseli sikioni na kuwaambia, "Hizi nimezishonea mwenyewe," yaani amezitolea jasho. Nyingine zilikuwa nyeupe kabisa, hapo hapo juu ya sikio la kushoto, na wasichana wa shule waliokuja kupimwa walimwambia anapendeza. Mama Vifungo akaondoka. Fundi Macho akanyanyua macho kwenye picha iliyokuwa ukutani miaka yote, mkewe amesimama kati ya watoto wao wakubwa, na kwa mara ya kwanza akaiona. Kichwa kilikuwa cha kijivu. Palikuwa na mkondo mweupe, mpana kama vidole viwili, juu ya sikio.

Aliona haya. Alikuwa amezitazama kuta za watu wasio wa mbari yake mpaka akajua zinavyozeeka, na mwanamke anayelala naye kitanda kimoja alikuwa amempaka rangi moja siku ya kwanza na hakurudi tena kukagua. Wahenga walisema mganga hajigangi. Wangemwona Fundi Macho wangeongeza kwamba na mpaka rangi haoni ya kwake.

Kulipopambazuka alikwenda kwenye stoo yake nyuma ya nyumba. Juu ya rafu, kati ya makopo ya rangi, lilikuwapo kopo moja lililooshwa na kufunikwa vizuri, limeandikwa kwa mkono wake, *Nyeupe ya dari*. Ndani yake mlikuwa na nywele za mkewe. Siku ile aliyoambiwa azitupe, mkono ulikataa. Hakuwa na sababu, ila alisimama pale nyuma ya nyumba na ule mfuko na hakuweza. Akaziweka koponi, akalifunika, akaliandika jina la uongo kama mwizi. Sasa alilitoa nje kwenye jua, akalifungua na kumimina kilichomo juu ya shuka jeusi.

Nyeusi aliyoinunua dukani haikuwamo. Kulikuwa na nyeusi iliyofifia, kijivu cha jivu la mkaa, kijivu chepesi zaidi, na nyeupe, na nyeupe ilikuwa nyingi kuliko alivyojiandaa kuiona. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akazitenga, rangi na rangi, na machozi yalimtoka bila kificho, mtu mzima na ndevu zake. Alipomaliza alikunja shuka kwa uangalifu na kumpelekea mkewe dirishani.

Bi Pindo alizitazama muda mrefu.

"Nilikwambia uzitupe."

"Nilishindwa."

Aliokota unywele mmoja mweupe, akauinua kwenye mwanga uliopenya kando ya pazia. Fundi Macho alingoja atukanwe, na kwa kweli angefurahi kutukanwa.

"Wewe mwanaume," mkewe akasema mwishowe. "Hukuziona, lakini ulizitunza. Fungua hilo pazia."

Kwa hiyo alirudi kwa mwenye duka, safari hii akiwa na wigi, kopo, na picha aliyoitoa ukutani pamoja na fremu yake. Mwenye duka aliitazama picha, akamtazama yeye, akavaa miwani yake. Alimpa sindano fupi yenye ndoano nchani na kumwonyesha jinsi unywele unavyopitishwa kwenye tundu la wavu na kufungwa fundo. Nywele zioshwe kwanza. Upande wa mzizi wote uelekee sehemu moja, la sivyo zitasokotana. Mbele, pale panapoonekana, unywele mmoja kwa tundu moja, na nyuma unaweza kuweka miwili mitatu. Alimwonya kwamba ni kazi ya kumtoa mtu roho. Fundi Macho akajibu kwamba mkewe amewahi kushona vifungo vya bendi nzima ya shule peke yake.

Walifanya kazi hiyo dirishani, na sheria aliiweka Fundi Macho: jua likiondoka dirishani, kazi imeisha, hakuna cha taa. Yeye alizitenga nywele juu ya shuka jeusi, akazilaza mizizi upande mmoja, akamkabidhi mkewe ule unaofaa, kijivu hiki kabla ya kile. Bi Pindo alivuta kwa ndoano, akafunga fundo, akaukata kwa mkasi unywele mweusi wa dukani uliokuwa hapo. Ulikuwa ule mkasi wa kitambaa.

Haikuwa kazi ya raha. Dawa zilikuwa zimemtia ganzi ncha za vidole, na siku nyingine ndoano ilimponyoka kila mara mpaka akaitupa chini na kusema kila mtu aende zake. Siku za dripu hawakugusa kitu. Lakini siku njema zikija alikuwa wa kwanza kuvuta kiti. Haba na haba, kichwa kile cha sponji kikaanza kuzeeka mbele ya macho yao, na kila kilivyozeeka ndivyo Bi Pindo alivyorudi.

Fundi Macho hakubahatisha tena. Aliuliza kila kishungi kilikaa wapi, na mkewe akamwambia, na kila mahali palikuwa na habari yake. Zile za utosini zilikuja wakati mtoto wa kwanza alipougua mapafu, akalazwa mpaka wakawajua wafagizi wote wa wodi. Zile za kisogoni hakujua zilivyokuja, alionyeshwa na Mama Vifungo. Walipofika kwenye mkondo mweupe wa juu ya sikio, mumewe aliuliza na huu je.

"Huu ni wako," Bi Pindo akasema. "Ulipoanguka kwenye ngazi ukavunjika mguu. Ulilala mwaka mzima unanisumbua kuhusu rangi ya mapazia, na mimi nashona mchana kutwa ili tule. Uweke vizuri, nimeugharamia."

Fundi Macho alicheka, kisha hakucheka. Aliutafuta mweupe mzuri kuliko wote kwenye shuka na kumpa.

Wigi lilipokamilika, suala la kulitunza lilizua mabishano. Mume alidai kazi hiyo ni yake, kwa sababu hakuna mtu pale nyumbani aliyetunza vinyweleo kuliko yeye, na brashi zake nyingine zilikuwa na umri wa watoto wake. Mke akamwambia siku atakayolikaribia na tapentaini ya kuoshea brashi, yeye ndiye atakayepakwa. Lakini alimwacha ajaribu. Fundi Macho alilitumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini ya nywele, akaliacha linywe, akalichezesha bila kulisugua wala kulisokota, akalisuuza kutoka mizizi kwenda nchani. Akalibonyeza kwa taulo litoke maji na kulivisha kichwa cha sponji kivulini, mbali na jua na mbali na jiko. Alilichana likiwa limekauka, kuanzia nchani, akipanda kidogo kidogo. Bi Pindo alikagua kila fundo kwa kucha, akitafuta kosa kwa hamu kubwa. Hakulipata, na alikasirika kidogo.

Siku aliyorudi kazini, alifungua lango mwenyewe. Fundi Macho naye aligundua ghafla kwamba fremu ya dirisha la chumba cha kushonea inahitaji kupakwa rangi, na inahitaji siku hiyo hiyo. Akapanda ngazi nje, brashi mkononi, masikio ndani. Mteja wa kwanza alikuwa mama wa nyumba ya kona, mwanamke ambaye macho yake hayana pazia na mdomo wake hauna mlango. Huyo ndiye aliyemwambia mchonga funguo kwamba amenenepa, na mtengeneza simu kwamba mkewe ana sura ya kukasirika. Fundi Macho alipomwona anaingia, aliacha kupaka.

Mama wa kona akamtazama Bi Pindo kutoka juu hadi chini. Akasema pole, umepungua, lazima ule. Hapo hapo akatoa sketi kwenye mfuko na kuanza kumlaumu Mama Vifungo kwa zipu iliyokaa upande. Akasimamishwa mbele ya kioo. Bi Pindo akasimama nyuma yake, vichwa vyao viwili kwenye kioo kimoja, na mkono wake ukapanda wenyewe juu ya sikio la kushoto, ukachukua penseli, ukatia alama kiunoni, ukairudisha penseli mahali pake kwenye mkondo mweupe. Mama wa kona aliona alama ya zipu, akaona vumbi kwenye pasi, akaona uzi chini ya meza, akavisema vyote. Nywele hakuziuliza. Alipotoka nje alinyanyua macho.

"Fundi," akasema, "hapo pembeni umeruka."

Kweli alikuwa ameruka. Brashi ilikuwa imemkaukia mkononi. Maishani mwake hakuwahi kupata sifa kubwa kuliko ile, na mdomo ulimuwasha kumwita yule mama arudi, amwonyeshe kwa kidole tundu kwa tundu. Hakumwita. Alichovya brashi akamalizia pembe, na kupitia dirishani Bi Pindo alimtazama akatikisa kichwa, kile chenye mvi, kwa namna ambayo wao wawili tu waliielewa.

Dawa ziliisha. Msimu ulipita, sare za muhula mpya zilishonwa, na mapindo yakakaa. Asubuhi moja Bi Pindo alikuwa anajiandaa kwenda kazini, wigi bado liko mezani, alipomwita mumewe akimlalamikia kwamba kichwa kinamwasha. Mumewe akapitisha kiganja. Kulikuwa na kitu kinachokwaruza, kifupi kama nyuzi za brashi mpya.

"Zinaota," akasema.

"Rangi gani?"

Zamani Fundi Macho angejibu kabla swali halijafika mwisho. Sasa alimshika mkono akampeleka uani, akamkalisha kwenye kile kigoda, akamgeuza mpaka jua likamwangukia sawasawa. Akainama akatazama. Akazunguka upande wa pili, akatazama tena. Akarudi upande wa kwanza.

"Fundi, mimi si ukuta," Bi Pindo akasema.

"Nyeupe."

"Zote?"

"Zote. Huku juu ya sikio kuna nyeusi moja, imejificha."

Bi Pindo aliweka mikono mapajani, jua likimpiga utosini. Kisha akanyoosha shingo kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Zile nilizishonea miaka ishirini," akasema. "Hizi nimezishonea mwaka mmoja. Niletee kioo nizione. Na ukipita hapo langoni, liache wazi."